Paa la soko huamuliwa Septemba

Mwezi wa Mei, miaka kadhaa iliyopita, ukumbi wa kijamii ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Tulikuwa tukipokea maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, nami ndiye niliyekuwa karani wa kamati. Mama mmoja muuza samaki akasimama, leso kiunoni. "Mwanangu, andika," akaniambia. "Soko letu linavuja. Mvua ikinyesha, samaki wangu wanarudi baharini."

Watu wakacheka. Niliandika neno kwa neno, huku nikijua paa lile halitajengwa mwaka huo. Mama alisema lililo kweli na alilisema vizuri, ila alikuwa amechelewa miezi minane, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Kazi ya bunge la kaunti nimeshaiacha, lakini swali lile linanifuata: hizi pesa huamuliwa wapi, na lini? Kwa mwaka wa fedha 2025/26 kaunti zetu 47 hapa Kenya zilitengewa shilingi bilioni 415 kama mgao wa mapato ya taifa. Hapo hujahesabu ushuru na ada ambazo kila kaunti inajikusanyia. Pesa zipo, basi, japo hufika kwa kuchechemea. Tatizo ni kwamba sisi wananchi huitwa mezani wakati chakula kimeshapakuliwa.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, safari ya bajeti hiyo huwa imeanza karibu mwaka mzima kabla, pale waziri wa fedha wa kaunti anapotoa mwongozo kufikia 30 Agosti. Siku mbili baadaye, 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe umefikishwa bungeni. Ni kitabu kikavu, majedwali matupu: jina la mradi, wadi, makadirio ya gharama. Lakini ndiyo mbegu yenyewe. Mradi usiokuwemo humo ni kama mtu aliyekuja harusini bila kualikwa. Anaweza kuingia, ila itabidi mtu ainuke ampishe kiti.

Halafu unakuja waraka wa mkakati wa fedha, ambao hufika bungeni kufikia 28 Februari, na wabunge wa kaunti wana siku 14 tu za kuupitisha. Mimi nikiulizwa, hiki ndicho kikao kikubwa kuliko vyote vya mwaka. Hapa ndipo kila idara huwekewa kikomo chake: afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki, biashara na masoko kiasi hiki. Sheria inataka maoni ya umma yasikilizwe hapa pia. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona ukumbi ukijaa Februari. Mwaka mmoja walikuja wanahabari wawili na kijana wa shirika moja la kijamii, na chai ikabaki kwenye chupa.

Mei ndiyo umati huja, kwa sababu makadirio yenyewe huwa yamewasilishwa kufikia 30 Aprili na redio zinayasema. Kufikia hapo mikono ya bunge imefungwa kwa kamba ambayo wengi hawaijui. Kanuni za 2015, zilizotungwa chini ya sheria ile ile ya 2012, zinasema bunge haliwezi kubadilisha fungu la idara, kwenda juu au chini, kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Na ukiongeza mahali, lazima upunguze mahali pengine. Tuseme idara ya biashara ina shilingi milioni 200: nafasi ya kuongeza ni milioni 2. Kama paa linahitaji milioni 9, hizo nyingine saba zitoke ndani ya idara ile ile, pengine kwenye ukuta wa mnada wa mifugo wa wadi nyingine. Wadi ile nayo ina mwakilishi wake, ameketi kwenye kamati hiyo hiyo na ana kura. Ndiyo maana yule mama alishindwa. Alikuja kuomba kuongezewa, na mwezi wa Mei hakuna kuongeza. Kuna kuhamisha tu, na anayehamisha huhitaji kujua atamnyang'anya nani.

Kufikia 30 Juni sheria ya matumizi, ile inayoruhusu pesa za bajeti zitumike, iwe imepita. Gavana na bunge wakivutana mpaka tarehe ipite, Mdhibiti wa Bajeti, yule afisa wa kitaifa anayeidhinisha pesa zitoke, anaweza kuruhusu kaunti itumie hadi nusu ya makadirio ili hospitali zisifungwe.

Sasa nije kwa ile risiti ya ushuru wa soko ambayo mama hukatiwa kila alfajiri kabla hajashusha karai lake. Enzi za halmashauri za zamani, kabla ya 2013, sheria ndogo za kutoza ushuru kama huo zilihitaji idhini ya waziri Nairobi. Siku hizi bunge la kaunti hutunga lenyewe. Kila ushuru lazima uwe na sheria nyuma yake, Katiba imesema hivyo katika kifungu cha 210, na kwa kawaida sheria hiyo ni Sheria ya Fedha ya kaunti, inayopanga ushuru na ada za mwaka, ambayo hupaswa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti. Kwa hiyo watu hupumua Julai wakidhani mambo yamekwisha, kumbe ada mpya zinapikwa Agosti na Septemba.

Hapa mwananchi ana nguvu kuliko anavyodhani. Mwezi wa Aprili 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji Odunga hakuridhika na tangazo la gazetini. Alitaka watu wafuatwe wanakokutana: makanisani, misikitini, kwenye mabaraza, kwenye redio za lugha za mama. Baada ya hukumu ile, sisi makarani tulianza kutunza orodha za mahudhurio kama hati za shamba. Niseme ukweli, kuna kaunti zilizojifunza kutunza orodha tu, bila kujifunza kusikiliza.

Mswada ukishapita, gavana ana siku 14: atie sahihi au aurudishe na sababu zake. Akinyamaza, unahesabiwa umekubaliwa. Akiurudisha, theluthi mbili za wabunge wanaweza kumshinda. Nimeona gavana akijifanya hakubaliani na ada fulani kwenye mikutano ya hadhara ilhali siku zake 14 zilipita akiwa ofisini kwake.

Ununuzi nao una ngano zake. Ya kwanza ni kwamba gavana hutoa tenda. Ya pili ni kwamba mwakilishi wadi "ameleta" barabara, na picha yake ikabandikwa kwenye bango. Sheria ya Serikali za Kaunti inamkataza mwakilishi kushiriki kazi za utendaji. Yeye hutunga sheria, hupitisha bajeti na kuchunguza. Anayejibu kisheria kuhusu zabuni ni afisa mkuu wa idara, na hatakiwi kuanza kununua kabla hajaridhika kwamba pesa zimetengwa. Zabuni hufunguliwa mbele ya washindani waliotaka kuhudhuria, na bei husomwa kwa sauti. Kamati ya tathmini ina siku 30 zisizozidi. Washindani wakishaarifiwa matokeo, mkataba hausainiwi kabla siku 14 hazijapita, ili aliyeshindwa apate nafasi ya kwenda kulalamika kwa Bodi ya Mapitio ya zabuni, nayo ina siku 21 za kuamua. Ukiona mradi umetangazwa Machi na trekta halijaonekana Mei, pengine hakuna aliyekula kitu. Pengine siku hizo ndizo zinahesabiwa. Au mgao kutoka Hazina ya Kitaifa haujafika, na bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti hakuna shilingi inayotoka kwenye mfuko wa kaunti. Mkandarasi akimaliza kazi bila kulipwa, deni lake linaingia mwaka unaofuata na kula paa la mtu mwingine.

Yule mama nilimtafuta baada ya kikao, nikamweleza kuhusu Septemba. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. "Na mwaka mzima mnatuita Mei kufanya nini?" Sikuwa na jibu.

Mwezi wa Julai alikuja na wenzake wakiwa na barua yenye sahihi na alama za vidole, wakaipeleka idarani kabla mpango haujafungwa. Februari walirudi, watu sita, wakanywa ile chai. Paa likaingia kwenye bajeti, likatangazwa, likapata mkandarasi. Kijana wa duka la kupiga chapa pale stendi akawaandikia barua nyingine, ya kuomba nakala ya orodha ya vifaa na bei kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 za kujibu. Walijibiwa siku ya 19.

Siku ya kamati ya ukaguzi na kupokea kazi, mama alikuwa pale na karatasi yake imekunjwa ndani ya leso. Orodha ilisema mabati ya geji 28; namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba zaidi. Akaomba kipande kilichobaki chini, akakikunja kwa mikono miwili bila kutumia nguvu. "Hii ni 32," akasema, "ninayo kwenye banda la kuku." Kamati haikutia sahihi. Wiki mbili baadaye fundi alikuwa juu ya paa, akifungua mabati upande wa baharini.