Baada ya "nimeshapoa"

Zoezi la kwanza ninalowapa wanachuo ninaowaandaa kusaidia wenzao huwashinda karibu wote. Nawapanga wawili wawili, chini ya mwembe kama mvua haijakaribia. Mmoja anaeleza jambo linalomnyima usingizi, mwenzake anasikiliza kwa dakika tano. Haruhusiwi kushauri. Haruhusiwi kusema "hata mimi yalinikuta". Kwa dakika hizo tano haruhusiwi hata kumwambia mwenzake amwachie Mungu. Saa naishika mimi.

Dakika ya pili haijaisha, utasikia upande wa kushoto: "Sasa sikiliza, wewe cha kufanya..."

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na kazi yangu kubwa hapa Tabora mjini ni kuwaandaa wanachuo wawasaidie wanachuo wenzao katika mambo ya afya ya akili. Tunawaita waelimishaji rika, jina tulilolirithi kutoka kampeni za UKIMWI. Sijalipenda kamwe. Mtu ukimwita mwelimishaji anakuja na elimu yake mkononi akitafuta pa kuimwaga, na mimi ninachotafuta ni msikilizaji.

Kwa nini wanafunzi? Kwa sababu mwanachuo mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, haanzii kwa daktari. Anaanzia kwa anayelala kitanda cha juu yake. Huyo ndiye anayeona kwamba leo ni siku ya nne mwenzake hajaingia lekcha, amejigeuza ukutani tangu asubuhi, na wali alioletewa jana umeganda kwenye hotpoti. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache mno kwa watu 61,741,120 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, na wengi wao wako miji mikubwa. Halafu kuna Mirembe. Hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma imeokoa watu wengi, lakini mtaani jina lake limegeuzwa tusi. Ukimwambia kijana "twende ukaonane na mtaalamu wa akili", yeye anachosikia ni kwamba umemwona kichaa.

Kosa langu na kundi la kwanza lilikuwa kuwafundisha magonjwa. Niliwapa dalili za sonona, za wasiwasi uliopitiliza, za skizofrenia, wakaandika madaftari yakajaa. Nikawafundisha na dodoso la PHQ-9 la kupima sonona: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na kuanzia 10 tunaanza kuwa na wasiwasi. Wiki tatu baadaye waliligeuza mtihani wa hosteli. Waliulizana vitandani, wakatangaziana alama, na binti mmoja akaacha kuja kwenye vikao kwa sababu mwenzake alimwambia mbele ya watu kwamba ana 17. Nililia siku ile. Dodoso sasa linabaki kwangu na kwa wauguzi. Waelimishaji rika nawafundisha kitu kimoja tu kwa undani, na kitu chenyewe tayari wanacho mdomoni: pole.

Pole yetu ni neno zuri kuliko mengi ninayoyajua. Unapewa ukijikwaa, ukifiwa, ukitoka safari, hata ukibeba ndoo. Shida ni kwamba ina jibu lake lililokwishaandaliwa. "Pole." "Asante, nimeshapoa." Basi, mlango umefungwa kwa adabu, kila mtu ashike njia yake. Kazi ya mwelimishaji rika inaanza pale pale. Akishaambiwa "nimeshapoa", asiondoke. Akae. Anyamaze.

Kijana mmoja wa mwaka wa pili ameniruhusu nieleze yake, nami nimebadilisha mambo machache asitambulike. Baba yake ni mkulima wa tumbaku upande wa Urambo. Msimu ule malipo ya tumbaku yalichelewa, kijana akawa anagawa bumu lake, yaani pesa ya mkopo wa chuo, nusu kwa nusu na nyumbani ili wadogo zake wasifukuzwe shule. Mwenyewe akashindia maembe, ilikuwa Desemba na Tabora maembe hayakosi. Akapata sapu mbili, mitihani ya kurudia. Nyumbani hakusema. Aliyekwenda kukaa naye kwenye ngazi za hosteli alikuwa binti wa kozi yake, mmoja wa watu wangu.

"Pole," binti akamwambia.

"Nimeshapoa, dada. Uchovu tu."

Binti hakujibu. Kijana alikuwa ameshika chupa ya maji, akaanza kubandua karatasi yake kwa ukucha, kidogo kidogo, akizungushia chupa nzima. Binti aliniambia kwamba alitamani sana kusema kitu, lolote lile, hata kuhusu mvua. Alikaza meno. Karatasi ilipokwisha yote kijana akasema, "Kusema kweli nimechoka na kila kitu. Bora nisingekuwepo."

Hapo ndipo wengi wetu tunaruka na "jikaze, wewe ni mwanaume" au "usiseme hivyo, ni dhambi". Ninavyoliona neno jikaze, maana yake halisi ni "naomba usiniambie zaidi". Binti akauliza kama tulivyofanya mazoezi, kwa sauti ya kawaida, bila kuzungusha: "Unafikiria kujiua?"

Swali hilo huwatisha wanafunzi wangu kuliko yote. Wanadhani ukilitamka utampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba sivyo. Kuuliza waziwazi hakumsukumi mtu kujidhuru, na wengi hupata ahueni kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo. Umri huo ndio umri wa hosteli.

Kijana alijibu, "Ndiyo. Tangu Jumamosi. Ila usimwambie mtu."

Kuhusu siri sibadiliki, na tunakubaliana kabla mtu hajaanza kazi hii. Siri za mapenzi, za deni, za alama, tunazika. Ya kifo hatuifichi. Huko nyuma, katika chuo kimoja nilichofanyia kazi, msichana alimwapisha rafiki yake asiseme, rafiki akatunza kiapo, na tukampata msichana akiwa amezidiwa. Alipona, namshukuru Mungu. Aliyetunza siri alichukua muda mrefu kupona kuliko yeye. Kwa hiyo binti wangu alisema maneno tuliyoyarudia mpaka yakakaa: "Hili siwezi kulibeba peke yangu, na wewe usilibebe peke yako. Twende pamoja, sikuachi." Usiku ule ule walinipigia simu, na asubuhi tulikuwa kwenye benchi Kitete, hospitali ya mkoa, watatu tumebanana. Kumpa mtu namba ya simu na kumwambia "nenda" hakutoshi. Asubirishwe faili akiwa na mtu.

Woga mwingine ni wa polisi, na una msingi. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Ghana ilifuta kosa kama hilo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao kinakwenda kinyume na katiba. Natamani sana tuwafuate. Lakini kusema kwamba unawaza kujiua si kosa, na hilo nalirudia kila kikao, maana kuna vijana wananyamaza kwa ajili hiyo tu.

Wakuu wa vyuo hunihoji kama watu wasio wataalamu wanaweza kazi hii. Nawapa mfano wa Zimbabwe. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi, yaani wanawake wazee, wa Mbare, Harare, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Hatua yao ya kwanza inaitwa kwa Kishona kuvhura pfungwa, kufungua mawazo; kisha mgonjwa anachagua tatizo moja, moja tu, la kuanzia. Matokeo ya jaribio lao kwa watu 573 katika kliniki 24 yalichapishwa mwaka 2016, na baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kijana wetu naye alipotulia alichagua moja: kumpigia baba yake amwambie kuhusu sapu. Alipiga akiwa ofisini kwangu.

Ila mabibi wale walifundishwa na walikuwa na wa kuwasimamia, na hapo ndipo vyuo vingi vinapokosea. Wanafunzi wanapewa fulana na semina ya siku mbili, kisha wanaachwa na maumivu ya hosteli nzima. Mimi nakataa kuanzisha kundi kama sina jioni moja kwa wiki ya kukaa nalo. Kwangu ni Alhamisi. Kila mmoja anaeleza alichosikia, bila majina, na alichofanya nacho.

Alhamisi iliyopita zamu ilifika kwa kaka mmoja mchangamfu wa mwaka wa tatu. Akasema hana kesi wiki hii. Nikamwambia pole na mitihani. Akacheka, "Nimeshapoa, madamu."

Hakuna aliyesema kitu. Wote walikuwa wanamtazama. Akashusha daftari, akasema hajalala tangu Jumatatu.