"Mbwa wa kulinda hakai na watu": nimechoka kuisikia

Wiki iliyopita baba mmoja alinijia na mbwa wa miezi kumi, manyoya yanang'aa, mkia hautulii. Nikadhani kamleta chanjo. Kumbe kaja kushtaki. "Shikamoo daktari. Mbwa wa kulinda hakai na watu, na watoto wameniharibia huyu. Kila jioni tukiota moto uani naye yumo, kalala miguuni kwa bibi yao. Nipe dawa arudi kuwa mkali."

Nimefanya kazi ya udaktari wa mifugo hapa Mafinga, mkoani Iringa, miaka mingi, na sentensi hiyo naisikia karibu kila wiki. Huwa inazidi Juni hadi Agosti, maana miezi hiyo ya baridi jioni huna pa kwenda ila motoni. Mabanzi ya paini yanatatarika, mahindi yanageuzwa, mbingu haina wingu hata moja na nyota zimejaa mpaka mtoto anachoka kuhesabu. Mbwa anaona watu wake wote wamekusanyika mahali pamoja, anataka awepo. Baba mwenye nyumba anaona mlinzi wake anageuka mtoto wa mwisho.

Sasa nisikilizeni. Mnachokiita ukali, mara nyingi ni woga. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 14, ambacho ndicho anajifunza vitu vya kawaida vya dunia yake: sauti ya mtoto anayelia, mwanamke aliyejitanda khanga, mzee mwenye fimbo, pikipiki, sufuria inayoanguka. Ambacho hakukutana nacho wakati huo, ukubwani huwa kinamtisha. Na sisi tunafanyaje? Tunamchukua akiwa na wiki 8, tunamtia bandani nyuma ya choo, tunamsukumia ugali kwenye tundu, tunamfungulia saa nne usiku watu wameshalala. Baada ya mwaka tunajisifu kwamba mbwa wetu hapitiki. Ni kweli hapitiki. Hata mwenye nyumba hampitii. Siku mlango wa banda umesahaulika wazi, anayeng'atwa si mwizi, ni mtoto wa nyumba aliyefuata mpira.

Isitoshe, mbwa mwenye hofu anabwekea kila kitu: paka, gunia linalopeperuka, bodaboda ya barabarani. Usiku wa kwanza unatoka na tochi. Usiku wa nne unavuta blanketi. Mwizi akija kweli, mbwa atakuwa amebweka wiki nzima na hakuna anayemsikiliza.

Huyo wa kwenye moto ni tofauti. Amelala, macho nusu, ninyi mnadhani hana kazi. Kwa pua anajua kila mmoja amekaa wapi: bibi ni moshi na ugoro, kijana ni sabuni na viatu vya mpira. Masikio yake yanapokea mitetemo ya hadi kama 45,000 kwa sekunde, yetu yanaishia 20,000. Hatua za baba anazitambua kabla komeo la geti halijaguswa, kwa hiyo kwa hizo hanyanyuki. Akija mtu ambaye harufu yake haimo kwenye ule mduara, anainua kichwa na kubweka mara moja. Huo mlio mmoja mfupi ndio unaotakiwa uamke nao.

Nyota zenyewe sidhani kama zinampa raha tunayoipata sisi. Jicho lake ni zuri gizani, lakini vitu vidogo vya mbali huviona kwa ukungu. Babu akinyoosha kidole kuwaonyesha wajukuu nyota, mbwa anakifuata kidole, kisha anarudi kumtazama babu usoni. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, ileile inayomfunga mama na kichanga chake. Hiyo ndiyo "kuharibika" mnayoniletea niitibu.

Dawa nilimpa yule baba, na ni ileile ninayompa kila mtu mpaka wateja wananitania: gunia. Mtafutie mbwa gunia lake, litandike hatua tatu kutoka motoni, mfundishe kwamba hapo ndipo pake. Akiwa juu ya gunia hakuna mtoto wa kumpanda mgongoni wala kumvuta sikio, na akiwa anakula hasogelewi. Wengine mna sababu zenu za dini za kutomkaribisha, hizo siziingilii. Bado atafaidika akikaa pale anapowaona.

Imani nyingine mnazoniletea nitazipitia haraka, maana baadhi hata hazistahili kujibiwa.

Pilipili, nyigu na bangi kwenye chakula ili awe mkali: mnamchoma tumbo na kumtesa. Sijaona mlinzi aliyetengenezwa kwa kuharisha.

Akilia usiku kwa sauti ndefu kaona mauti: amesikia mbwa mwingine ng'ambo ya bonde, au yuko peke yake, au anaumwa. Mkague kwanza kabla hamjaanza kuangaliana ndani ya nyumba. Na macho yanayowaka gizani si uchawi. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga wa moto wenu.

Ana manyoya, hasikii baridi: njoo ulale naye nje Julai tuone. Banda liwe na sakafu iliyoinuliwa na nyasi kavu, hasa kwa mbwa wadogo na mbwa wazee.

Anatikisa mkia, basi ana furaha: si kila mara. Mkia uliosimama wima, unaotikisika kwa kasi huku mwili umekakamaa, ni onyo.

Mate yake yanaponya kidonda: yana bakteria kibao. Mtoto mwenye mchubuko asilambwe.

Alichanjwa kichaa cha mbwa akiwa mdogo, inatosha: haitoshi. Chanjo ya kwanza miezi mitatu, kisha kila mwaka, hata kama hatoki getini. Mtu aking'atwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na kwa kuwa watoto wanakaa naye mkeka mmoja, dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, msiningoje niwakumbushe.

Kidogo cha ulanzi hakimdhuru: kinamdhuru. Mwili wake hauwezi pombe, na wajomba wanaocheka akipepesuka hawapo asubuhi ninapoitwa.

La mwisho linahusu hayo mahindi. Watu wanaogopa kumpa mbwa mifupa ya kuku iliyopikwa, na wana haki, inapasuka vipande vikali. Lakini gunzi wanamrushia wakicheka. Gunzi haliyeyuki tumboni. Linakwama kwenye utumbo, na anayetapika siku tatu huku hali kitu anaishia mezani kwangu kwa upasuaji, kama ameletwa mapema. Mkimaliza kula, magunzi yote yaingie motoni, na mtu mmoja abaki mpaka yawe majivu.