Kufundisha udaktari mtandaoni: njia ipi kwa somo lipi?

Ukitaka kujua njia ipi ya kufundisha mtandaoni inafaa, usianze kwa kuwauliza wanafunzi wameipenda ipi. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika madarasa ya fizikia pale Harvard: waliofundishwa kwa kushirikishwa walijiona wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara, ilhali kwenye mtihani ndio waliopata zaidi. Sioni kwa nini wanafunzi wa udaktari wawe tofauti.

Ulinganisho wa haki unataka mada ileile, muda uleule wa kusoma, jaribio kabla ya somo, na jingine baada ya wiki nne au zaidi. Jaribio la siku hiyohiyo linapima kumbukumbu ya muda mfupi tu. Gawa darasa kwa kura: kundi A lisome ECG (mchoro wa umeme wa moyo) kwa visa vya wagonjwa na chumvi za damu kwa video, kundi B kinyume chake. Hapo hakuna atakayelalamika kwamba amepunjwa, na tofauti za uwezo wa makundi hazitakupotosha sana.

Mhadhara wa moja kwa moja wa saa nzima ndio dhaifu kuliko zote, ingawa ndio unaotumika zaidi. Kama kazi ni kueleza tu, rekodi. Video ya dakika sita hadi kumi, mada moja, maswali matatu mwishoni. Mwanafunzi aisimamishe na kuirudia apendavyo. Mwenye bando dogo mpe sauti peke yake pamoja na slaidi za PDF: sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 tu kwa saa. Maswali hayohayo yarudishwe baada ya siku mbili, wiki, kisha mwezi.

Muda wa kukutana uachie visa vya wagonjwa, na hapa ndipo penye faida kubwa. Kundi liwe la watu sita hadi wanane. Kisa kitolewe vipande vipande: kwanza lalamiko la mgonjwa na umri wake, halafu historia, kisha uchunguzi wa mwili, vipimo mwisho. Ukikitoa chote kwa pamoja, watakimbilia majibu ya maabara na hakuna atakayefikiri. Kila kipande kikitoka, kila mmoja aandike magonjwa matatu anayoyashuku na sababu zake, lakini asitume mpaka mwalimu aseme "tuma". Bila hivyo, mmoja hodari atajibu na saba waliobaki watamkubalia. Kosa jingine ni la mwalimu mwenyewe: kimya cha sekunde tano kinamtisha, anaanza kuhutubia, na kisa kinageuka mhadhara. Hesabu hadi kumi na tano kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo.

Stadi za mikono ni habari nyingine. Hatua nne za Peyton, mbinu ya kufundisha stadi za mikono, zinafanyika kwa kamera: mwalimu anafanya kimya kwa kasi ya kawaida, anarudia akieleza, anarudia tena akielekezwa na mwanafunzi, mwisho mwanafunzi anafanya mwenyewe. Kamera ielekee mikono, si uso. Kushona kidonda na kufunga fundo hufundishika hivyo. Kupapasa wengu hakufundishiki. Utaonyesha mkono uanzie wapi, basi.

Sauti za moyo huwaponyoka wengi. Programu za mikutano huchuja kelele za nyuma, na kwazo mnung'uniko wa moyo (mvumo wa damu inayopita kwa msukosuko) ni kelele. Spika ndogo za simu nazo hazitoi vizuri sauti nzito za chini ya hezi 200, na sauti ya tatu ya moyo, ile ya ziada baada ya mbili za kawaida, imo humo. Usiicheze kwenye mkutano. Tuma faili lenyewe mapema, wasikilize kwa vipokea sauti vinavyofunika masikio, kila mmoja aandike alichosikia na kama ni wakati wa sistoli (moyo ukisukuma damu) au diastoli (ukijaa damu), ndipo mkutane kujadili.