Chuo cha uuguzi: Fizikia ndiyo inayowaangusha watoto wetu

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, swali ninaloulizwa na wazazi wa hapa Tabora kuliko yote ni hili: "Mwanangu kapata divisheni two, uuguzi anapata?" Siwezi kulijibu mpaka nione karatasi ya matokeo somo kwa somo. Divisheni peke yake hainiambii kitu.

Anayeomba stashahada ya uuguzi na ukunga, ile kozi ya miaka mitatu inayoanzia ngazi ya 4 ya NTA (mfumo wa tuzo za elimu ya ufundi) na kuishia ngazi ya 6, anatakiwa awe amefaulu masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne. Ndani ya manne hayo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, au Sayansi ya Uhandisi kwa aliyesoma shule ya ufundi. Kufaulu ni D na kwenda juu, maana yake alama 30 na kuendelea. Hesabu na Kiingereza hazilazimishwi, ila ukizifaulu zinakuongezea nguvu. Somo la dini halihesabiwi hata ukilipata kwa A, na kila mwaka kuna mtoto ambaye somo lake la nne ni Maarifa ya Biblia au Elimu ya Dini ya Kiislamu, na hapo ndipo anapokwama.

Sasa tazama karatasi mbili za mfano. Wa kwanza ana Kiswahili B, Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza na Baiolojia C, Kemia D, Fizikia F na Hesabu F. Baraza la Mitihani (NECTA) huchukua masomo saba bora, A ikiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Huyu ana 2, jumlisha C tano ambazo ni 15, jumlisha D moja ambayo ni 4. Jumla 21, divisheni II. Nyumbani wameshachinja kuku. Wa pili ana Kiswahili C na Baiolojia C. Uraia, Jiografia, Kiingereza, Kemia na Fizikia D. Historia na Hesabu F. C mbili ni 6, D tano ni 20, jumla 26, divisheni IV. Huyu hakuna aliyempongeza. Lakini mwenye sifa za kuomba uuguzi ni huyu wa pili. Wa kwanza mfumo unamkataa kwa sababu ya F moja.

Ndiyo maana nasema Fizikia inawaangusha watoto wetu. Shule nyingi za kata huku kwetu, kuanzia Kaliua na Sikonge mpaka Uvinza na Kakonko, hazina walimu wa Fizikia wa kutosha, na wanafunzi wakifika kidato cha tatu huruhusiwa kuiacha. Mtoto anaiacha akiwa na miaka kumi na sita bila mtu wa kumwambia kwamba hapo hapo ameacha uuguzi, utabibu na kozi nyingine kadhaa za afya. Mzazi mwenye mtoto wa kike anayesema anataka kuwa nesi, nakuomba uende shuleni kabla hajachagua masomo ya kidato cha tatu. Ukisubiri matokeo ya kidato cha nne, utakuwa umechelewa miaka miwili.

Kwa aliyekwisha kupata F, njia ipo. Unarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na si lazima urudie masomo yote; rudia lile lililokukwamisha, na kama Kemia yako ni D ya kuning'inia, irudie pia. Usajili wa NECTA hufunguliwa mapema mwaka na ukichelewa unalipa faini, kwa hiyo usikae mpaka Juni ukijishauri. Chagua kituo chenye maabara inayofanya kazi. Hili la maabara nalisisitiza kwa sababu ya hesabu ifuatayo.

Fizikia ina karatasi mbili: nadharia yenye alama 100 na vitendo yenye alama 50. Jumla 150. Ili ufike asilimia 30 unahitaji alama 45 kati ya hizo. Ukipata 30 kwenye vitendo, unahitaji 15 tu kwenye nadharia. Ukienda kwenye vitendo mikono mitupu ukaambulia 10, nadharia inatakiwa ikupe 35, na kwa mtu asiyekuwa na mwalimu hizo ni nyingi sana. Mtahiniwa wa kujitegemea hana alama za maendeleo ya shule za kumbeba. Mtihani ndio kila kitu.

Na vitendo vya Fizikia vinafundishika kwa wiki chache, maana maswali huzunguka mambo yale yale: penduli na springi, mwanga kupita kwenye kioo cha mstatili kwa kutumia pini, saketi ya umeme yenye ammita na voltimita. Alama hazitolewi kwa jibu la mwisho peke yake. Kuna alama za jedwali: vichwa vya safu viwe na vipimo vyake, na desimali zilingane kutoka juu hadi chini. Kuna alama za grafu: kichwa, skeli inayotumia nafasi kubwa ya karatasi, mihimili iliyoandikwa jina na kipimo, nukta zilizowekwa kwa usahihi, na mstari mmoja ulionyooka unaopita katikati ya nukta badala ya kuziunganisha moja moja kama zigizaga. Kisha slopu, ambayo unaonyesha pembetatu yake kwenye grafu yenyewe na kuitolea kipimo. Mtoto anayejua kuandaa jedwali na grafu hukusanya alama hata pale vipimo vyake vimekosea kidogo. Mtafute mwalimu wa Fizikia wa shule iliyo karibu nawe, mwombe Jumamosi kadhaa ndani ya maabara. Fedha uliyotaka kuiweka kwenye vitini, iweke hapo.

Tuje kwenye ushindani wenyewe. D tatu za sayansi zinakuruhusu kuingia kwenye foleni, na foleni ni ndefu. Kila chuo kina idadi ya nafasi kilizoidhinishiwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na vyuo vya serikali ndivyo vinavyokimbiliwa zaidi kwa kuwa ada yake ni nafuu. Waombaji wakizidi nafasi, wenye ufaulu mzuri hutangulia. Kwa hiyo mwenye D, D, D akijaza vyuo vya serikali vya mijini peke yake anajiweka pagumu. Mwenye C kwenye Baiolojia na Kemia anaweza kuthubutu. Mwenye D tupu ningemshauri achanganye: chuo kimoja cha serikali anachokitamani, kisha vyuo vilivyo kwenye hospitali za mashirika ya dini, ambavyo mikoa yetu ya Tabora na Kigoma inavyo. Nkinga iko Igunga, Ndala iko Nzega, Kabanga iko Kasulu. Wengi hawavitaji kwa sababu viko vijijini. Mimi naona huko kijijini kuna faida yake, maana wodi na darasa viko pamoja, na mwanafunzi wa ukunga anajifunza kwa kusimama pembeni ya kitanda cha mama anayejifungua.

Swali la ada lifikiriwe kabla ya kujaza. Masomo huanza kati ya Septemba na Oktoba, na kwa familia za wakulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua malipo ya zao hilo yakichelewa, mtoto aliyechaguliwa hushindwa kuripoti kwa wakati na nafasi huweza kwenda kwa mwingine. Ukishaona jina, piga simu chuoni uulize utaratibu wa kulipa kwa awamu. Vyuo vingi vinao.

Maombi ya vyuo vya afya vya serikali hupitia mfumo wa udahili wa pamoja wa NACTVET, na kitabu cha mwongozo cha mwaka husika ndicho kinachoeleza chuo gani unakiombaje. Kisome hicho kabla ya ujumbe wowote wa WhatsApp. Makosa ninayokutana nayo yanafanana. Kijana anakwenda kwenye duka la intaneti, mhudumu anajaza namba yake mwenyewe ya simu na baruapepe yake, kisha ujumbe wa kuthibitisha nafasi unakwenda kwa mhudumu. Tumia namba yako, na neno la siri liandike kwenye daftari. Namba ya mtihani nayo hukosewa: ni herufi S, tarakimu nne za shule, tarakimu nne za mtahiniwa, halafu mwaka. Aliyerudia ana namba ya pili inayoanza na P, na lazima aijaze pia, la sivyo mfumo utaendelea kuiona ile F ya zamani. Majina ya cheti cha kuzaliwa na ya NECTA yakitofautiana, lishughulikie sasa, usingoje siku ya kuripoti. Malipo yafanywe kwa kontroo namba tu. Anayekuomba fedha kwenye namba yake binafsi ili "akusukumie jina" ni tapeli, hata kama ana kitambulisho shingoni.

Omba dirisha la kwanza la maombi linapofunguka. Madirisha ya baadaye hugawa nafasi zilizobaki, na za vyuo vinavyopendwa huwa zimekwisha.

Kwa wa kidato cha sita wanaotaka shahada ya uuguzi, kigezo kama cha Chuo Kikuu cha Muhimbili ni pointi 6 katika masomo matatu: Kemia angalau C, Baiolojia angalau D, na la tatu angalau E, likiwa Fizikia, Hesabu za juu au Lishe. C ni 3, D ni 2, E ni 1. Aliyesoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) aangalie hapo kwa makini, kwa kuwa Jiografia haimo kwenye orodha hiyo. Asiyefikisha bado anaweza kurudi kuomba stashahada kwa cheti chake cha kidato cha nne, akamaliza kwa GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.0 au zaidi, kisha akaomba shahada kwa njia hiyo.

Na kabla ya kulipa hata shilingi moja kwenye chuo binafsi, tafuta jina lake kwenye tovuti ya NACTVET. Vyuo vya afya vina namba ya usajili inayoanza na REG/HAS. Usiishie kuona chuo kimesajiliwa. Hakikisha kozi ya uuguzi na ukunga yenyewe imeidhinishwa hapo, kisha uliza Baraza la Uuguzi na Ukunga kama linakitambua. Mhitimu hufanya mtihani wa leseni wa Baraza hilo kabla ya kuruhusiwa kumhudumia mgonjwa, na bila leseni cheti hakikuajiri hospitali ya Kitete, Tabora, wala Maweni, Kigoma.