Bakteria wa kupunguza amonia bandani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Harufu kali ni ya mkojo wa kuku."
Kuku hakojoi kama ng'ombe. Naitrojeni iliyozidi mwilini huitoa kama asidi ya yuriki, ule weupe unaouona juu ya kinyesi. Bakteria waliomo kwenye maranda yaliyotandikwa sakafuni ndio wanaoivunja hadi ikawa amonia, gesi yenye harufu hiyo kali, na huchapa kazi zaidi maranda yakiwa na maji, joto na alkali (kinyume cha asidi).

"Bakteria wote bandani ni wa kuuawa."
Wapo wanaotusaidia. *Bacillus subtilis* akichanganywa kwenye chakula anaweza kumsaidia kuku kusaga protini vizuri, naitrojeni inayotoka kwenye kinyesi ikapungua. *Lactobacillus* akinyunyiziwa kwenye maranda hutengeneza asidi, na penye asidi amonia hugeuka kuwa amoniamu, ambayo haipai hewani. Naitrojeni hiyo hubaki kwenye mbolea, faida ambayo wafugaji wengi huisahau. Ila usiwanyunyizie mara tu baada ya kupulizia dawa ya kuua vijidudu, wala usiwachanganye na maji yenye klorini. Utawaua kabla hawajaanza kazi.

"Nikishanyunyizia, basi."
Dhana hii ndiyo inayoumiza kuku wengi. Hakuna bakteria atakayeshinda chombo cha maji kinachovuja. Chota konzi ya maranda karibu na vyombo vya maji, uyaminye: yakibaki donge gumu, yamelowa mno, yakishikana kidogo kisha yakaachana, yako sawa. Ziba panapovuja, ondoa yaliyogandamana, fungua hewa, ndipo unyunyizie. Na unyunyizie kidogo, maana hata mchanganyiko wenyewe ni maji. Protini kupita kiasi kwenye chakula nayo hurudi kama amonia.

"Sisikii harufu, kwa hiyo pako salama."
Pua huzoea. Anayeshinda bandani huacha kuisikia amonia wakati vinyweleo vya koo la hewa la kuku vimeshaanza kuharibika na njia ya magonjwa kama kideri imefunguka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 inataka mabanda ya kuku wa nyama yanayozidi kilo 33 za kuku kwa mita ya mraba yasivuke sehemu 20 za amonia kwa milioni, na kipimo kichukuliwe usawa wa vichwa vya kuku. Kwa hiyo inama. Pima hapo kabla ya kutumia bakteria, pima tena baadaye, kwani bidhaa hizi hazifanani, na iliyofanya vizuri banda moja inaweza isifue dafu kwenye banda jingine.