Je, wajua kwa nini kituo cha wakunga humkataa mama aliyewahi kuzaa kwa upasuaji?

Mama ana mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na safari hii anataka kusukuma mwenyewe. Anakwenda kwenye kituo cha uzazi kinachoendeshwa na wakunga, anapokelewa vizuri, lakini akishataja ile operesheni anaelekezwa hospitali. Wengi hudhani tatizo ni kovu tu. Tatizo kubwa zaidi ni umbali kati ya kitanda chake na chumba cha upasuaji.

Siku hizi madaktari wengi hukata mfuko wa uzazi kwa mlalo, sehemu ya chini, ambako misuli ni myembamba na haikazi sana wakati wa uchungu. Kovu la hapo ni imara. Kati ya wanawake 200 wanaojaribu kuzaa kawaida baada ya upasuaji mmoja wa aina hiyo, kovu huachia, yaani hupasuka, kwa takriban mmoja. Katika kila 10 wanaojaribu, 6 hadi 8 hufanikiwa, na aliyewahi kuzaa kawaida hata mara moja ana nafasi kubwa zaidi. Mkato wa wima sehemu ya juu ya mfuko ni habari nyingine kabisa: mwenye kovu hilo hashauriwi kuingia kwenye uchungu. Tena kovu la tumboni halikuonyeshi la ndani likoje. Ngozi inaweza kukatwa mlalo na mfuko ukakatwa wima, hasa mtoto akiwa njiti au amelala vibaya. Ndiyo maana karatasi ya hospitali inayoeleza aina ya mkato itunzwe kama cheti cha kuzaliwa.

Sasa, kama hatari ni moja kwa 200, kituo kinakataa nini? Kinaogopa jinsi hatari hiyo inavyokuja. Mimba ikitimia, mfuko wa uzazi hupitisha nusu lita ya damu au zaidi kila dakika. Kovu likiachia, mara nyingi dalili ya kwanza ni mapigo ya moyo wa mtoto kushuka. Mama anaweza kusikia maumivu yasiyopoa hata uchungu ukitulia, damu ikatoka, na kichwa cha mtoto kilichokwisha kushuka kikarudi juu. Hapo zimebaki dakika chache za kumtoa mtoto, na mama anahitaji damu, dawa ya usingizi na daktari wa kupasua. Mkunga hodari atagundua mapema, lakini atakachoweza kufanya ni kuita gari la wagonjwa.

Marekani walilipima jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliangalia wanawake 1,453 wenye kovu walioanza uchungu katika vituo vya uzazi. Asilimia 87 walizaa kawaida, tena matokeo mazuri sana. Hata hivyo, karibu robo ilibidi wahamishiwe hospitali, 6 kovu liliachia, na watoto 7 walifariki, wengi wao bila kovu kuachia. Nusu ya makovu yaliyoachia na zaidi ya nusu ya vifo vilitokea kwa asilimia 10 tu ya wanawake hao: waliopasuliwa zaidi ya mara moja, au ambao mimba ilifika wiki 42. Watafiti walishauri mambo mawili: vituo viwapeleke akina mama hawa hospitali, na hospitali ziwafungulie milango, wakunga na madaktari wakiwahudumia pamoja.

Ushauri wa pili haukupata nafasi. Tangu 1999 mwongozo wa madaktari bingwa wa Marekani ulitaka timu ya upasuaji iwepo papo hapo mwenye kovu anapojaribu kuzaa kawaida, na hospitali nyingi ndogo zikaacha kabisa kuwapa nafasi ya kujaribu. Kati ya wanawake waliowahi kupasuliwa, waliozaa kawaida walikuwa asilimia 28 mwaka 1996. Miaka kumi baadaye hawakufika 10. Mwanamke akakataliwa kituoni, akakataliwa na hospitalini, na wengine wakaamua kuzalia nyumbani, mbali zaidi na msaada. Mwaka 2010 mwongozo ulilegezwa.

Kwetu Afrika Mashariki, zahanati ikimpa rufaa mama mwenye kovu inafanya sawa. Kinachoniuma ni mama kufika hospitali na kuambiwa "utapasuliwa tena" kabla hajachunguzwa. Kila upasuaji huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye kovu na kuleta damu isiyozuilika, na familia nyingi zetu hazikomei kwa watoto wawili.

Kwa hiyo uliza mapema, kliniki. Mkato wangu ulikuwa wa aina gani? Sababu iliyonipeleka kwenye upasuaji bado ipo, au mtoto yule alitanguliza makalio tu? Imepita angalau miezi 18 tangu nizae? Usiku wa manane hospitali hii inaweza kupasua? Na uchungu ukichelewa, usinywe vidonge wala mitishamba ya kuuharakisha nyumbani: hukaza mfuko kwa nguvu kuliko kovu linavyoweza kuhimili.