Liu Xiang hakujitoa kwa woga

Tangu Agosti 18, 2008, wapo wanaoshikilia kwamba Liu Xiang, bingwa wa Olimpiki wa mita 110 kuruka viunzi, alijitoa mbio za Beijing kwa kuogopa kushindwa nyumbani, na kwamba maumivu yalikuwa kisingizio.

Tuanze na mguu wenyewe. Tatizo lilikuwa kwenye kano ya kisigino cha kulia, ile nene inayoshikanisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Kulia ndio mguu wake wa kurukia. Kiunzi kina urefu wa sentimita 106.7, viko kumi, na kila kimoja kinadai msukumo mkali kutoka mguu uleule. Mtu aweza kutembea vizuri tu kwa kano mbovu. Kuruka ndiko kunakomshinda. Siku ile alijikongoja hadi mstarini, mwenzake akaanza kabla ya mlio, naye Liu akapiga hatua chache tu, zikatosha kummaliza.

Desemba mwaka huohuo alipasuliwa Houston, Marekani. Hakuna anayepasuliwa kisigino ili kuficha woga. Miezi tisa baadaye, Shanghai, alikimbia sekunde 13.15, mwaka 2011 akapata medali ya fedha ya mashindano ya dunia Daegu, Korea Kusini.

London 2012 alikigonga kiunzi cha kwanza, kano ikakatika, ya mguu uleule. Akarukaruka kwa mguu wa kushoto hadi mwisho, akakibusu kiunzi cha kumi. Dhahabu ya pili ya Olimpiki hakuipata, alistaafu 2015.